Bunduki Mbili za Kuwindia, Kaliba Zinazokaribiana: Kuna Haja?

Mwindaji mwenye bunduki ya kaliba (kipimo na aina ya risasi) ya .30-06 Springfield akipata nafasi ya kununua ya .308 Winchester, swali huja lenyewe: ya pili ya nini, na zote zinafanya kazi moja? Kwa takwimu, swali hilo lina uzito. Zote hurusha kichwa cha risasi cha kipenyo kilekile, kama milimita 7.8. Kichwa cha gramu 9.7 hutoka kwenye .308 kwa takriban mita 860 kwa sekunde, na kwenye .30-06 kwa takriban 890. Mnyama akipigwa penye moyo na mapafu akiwa mita 150, tofauti hiyo haina maana yoyote.

Wanaotetea bunduki ya pili wanasema mtu hanunui kaliba peke yake, ananunua bunduki nzima. Moja fupi na nyepesi ya kupenya vichakani, nyingine nzito yenye darubini kubwa ya kulengea uwandani. Tena safari ikiwa ya siku kadhaa, darubini ikigonga jiwe, bila bunduki ya akiba uwindaji umeishia hapo. Nakubaliana nao kabisa. Ila hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayodai kaliba tofauti. Bunduki mbili za .308 zinatimiza yote hayo, na risasi zikawa za aina moja.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni upatikanaji: risasi za aina moja zikiadimika, huenda za nyingine zipo. Ni kweli. Pia wasiotaka kuchanganya kaliba wasijidanganye kwamba kaliba moja inamaliza kazi. Kila mtutu una risasi unazozipenda, na bunduki mbili za .308 zinaweza kupeleka risasi za boksi moja sehemu mbili tofauti. Kila moja lazima ijaribiwe kwenye shabaha na darubini yake irekebishwe.

Kwangu mimi, kinachoamua ni usalama. Ganda la risasi ya .308, yaani kile kikopo cha chuma kinachobeba baruti, lina urefu wa milimita 51, la .30-06 milimita 63. Risasi ya .308 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06, yaani sehemu ya mtutu risasi inapokaa, na kufyatuka humo. Ganda, likiwa halina kinacholishikilia mbele, linaweza kupasuka na kurusha gesi ya moto karibu na uso wa mpigaji. Alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi na giza halijaisha, risasi hizi mbili mfukoni ni rahisi sana kuchanganywa.

Kwa hiyo ningechagua ama kaliba ileile, ama zilizo mbali kabisa, kama .243 kwa paa wadogo na .375 H&H kwa wanyama wakubwa, ambazo hata gizani mkono unazitofautisha. Aliyekwisha kuwa na .308 na .30-06 atoke na risasi za aina moja tu, nyingine zibaki zimefungiwa. Lakini akifanya hivyo, ile bunduki ya pili aliyoinunua iwe ya akiba safarini nayo inabaki nyumbani.