Dawa ya Tumbo Bila Maswali
Mtu aliyevimbiwa kwa nyama na mtu aliyevimbiwa kwa wali, mbele ya tabibu wa Kichina, hawaugui ugonjwa mmoja. Wa kwanza hupewa shanzha, tunda dogo jekundu lenye uchachu, lililokatwa vipande na kukaushwa. Wa pili hupewa kimea cha shayiri, na tumbo likijaa gesi huongezewa mbegu za figili.

Niliyajua hayo Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wengi huuendea kununua bidhaa, baada ya karamu ya bata iliyoniacha nikicheua usiku kucha. Tabibu mzee niliyepelekwa kwake hakuanza na tumbo. Aliniambia nitoe ulimi, akautazama utando wake mweupe, kisha akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono wangu wa kulia, mahali ambapo kidole cha kati, kwa hesabu yao, husikiliza wengu na tumbo. Halafu, kupitia mkalimani, akauliza nilikula nini, saa ngapi, na kama maji niliyokunywa yalikuwa baridi. Msaidizi wake akapima kwenye mizani maganda ya machenza makavu, ambayo huko hayahesabiwi kuwa dawa nzuri mpaka yakae angalau miaka 3.

Sidai kwamba wengu ndio unaomeng'enya chakula. Kwa matabibu hao neno hilo ni jina la kazi zaidi kuliko jina la kiungo. Ninachokithamini ni yale maswali, na ndiyo maana hunikera kuona vidonge vya “dawa ya Kichina” vikiuzwa kwetu kwenye vituo vya mabasi, kichupa kimoja kwa kiungulia, kuvimbiwa na vidonda vya tumbo, bila muuzaji kuuliza hata umekula nini. Lebo isiyotaja kilichomo si jambo dogo: huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene ambamo mmea mmoja wa Kichina uliwekwa mahali pa mwingine wenye jina linalokaribiana nao.

Kidonda kinacholetwa na bakteria aina ya Helicobacter pylori, ambao ugunduzi wao uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, kinataka vipimo na antibiotiki. Maganda ya machenza yatatuliza gesi tu. Yule mzee aliniuliza pia kama choo changu kilikuwa cheusi. Ningejibu ndiyo, alisema, asingenipimia hata ganda moja. Angenipeleka hospitali asubuhi ile ile.