Kodi Iliyokopewa Kabla Haijafika

Huko California, mwaka wa fedha wa serikali za mitaa huanza Julai 1. Kodi ya majengo hulipwa kwa awamu mbili, na mwisho wa awamu ya kwanza ni Desemba 10, ya pili Aprili 10. Mshahara wa mwalimu haungoji Desemba. Ndiyo maana kaunti na wilaya za shule huuza hati za mkopo wa muda mfupi. Mwekezaji anatoa fedha sasa, na dhamana yake ni kodi itakayoingia. Kwa kawaida riba anayoipata haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo anaridhika na riba ndogo.

Mkopo wa namna hii siupingi hata kidogo. Anayekopa Julai na kulipa Aprili, kwa kodi ileile aliyoiahidi, hajamdhulumu mtu. Kinachoniuma ni kukopa kwa kodi ambayo haitakuja.

Jiji la New York lilifanya hivyo kabla ya 1975. Vitabu vyake viliendelea kuhesabu kodi za majengo ambayo wenyewe walikwisha kuyatelekeza, na hati zikauzwa kwa hesabu hizo. Siku ya kuzilipa ilipofika, zililipwa kwa kuuza hati nyingine. Deni lililopaswa kuisha ndani ya mwaka likageuka la kudumu, hadi masika ya 1975 mabenki yalipokataa kuendelea. Novemba mwaka huo serikali ya jimbo ikatunga sheria ya kusimamisha malipo kwa wenye hati. Mwaka uliofuata mahakama kuu kabisa ya jimbo ikaibatilisha. Waliobeba mzigo si waliopika hesabu. Maelfu ya watumishi walipoteza kazi, na mwaka 1976 City University of New York, chuo kilichosomesha watoto wa maskini bila ada kwa vizazi, kikaanza kutoza ada.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kiasi cha kukopa kipimwe kwa kodi iliyokusanywa kweli miaka iliyopita, maana iliyokadiriwa ni jambo jingine kabisa. Pia kodi ikianza kuingia, fungu la kulipia hati litengwe siku hiyohiyo katika akaunti ya peke yake, mikononi mwa mdhamini, yaani mtunza fedha asiye wa serikali hiyo, pasipo meya wala diwani kuruhusiwa kuligusa. Wapo wanaotenga hivyo tayari. Iwe sheria kwa wote, hata kwa mji mdogo unaokopa kwa miezi mitatu tu.