Brashi Laini Inatuharibia Wahusika

Nina ugomvi na brashi laini, ile ya kupulizia rangi ambayo kila programu ya kuchorea inayo. Wachoraji wengi wa Dar tunaanzia kwenye simu, kidole juu ya kioo, na brashi hiyo ndiyo ya kwanza kutupa picha inayoonekana "ya kitaalamu". Ukishaizoea huiachi. Matokeo yake ni wahusika wenye nyuso za puto: weupe katikati ya shavu, giza limezunguka pembeni, pua nayo hivyo hivyo, mkono nao hivyo hivyo. Muulize mchoraji mwanga unatoka wapi, atatafuta jibu dakika hiyo hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba kushedi, yaani kutia mwanga na kivuli, ni kazi ya kuamua kingo: mipaka kati ya mwanga na giza, ipi iwe kali na ipi iwe laini. Ulaini unakuja baadaye, tena mahali pachache.

Chukua uso wa mtu aliyesimama juani saa sita mchana. Dar iko karibu na ikweta kiasi kwamba mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, jua hupita utosini kabisa. Macho yanaingia kwenye kivuli cha paji la uso. Pua inadondosha kivuli juu ya mdomo, kidevu kinadondosha chake shingoni. Hivi ni vivuli vya kitu kimoja kuangukia kingine, na ukingo wake ni mkali, hasa pale karibu na kinapoanzia. Kadiri kinavyokwenda mbali ndivyo ukingo unavyolegea. Sasa tazama shavu. Pale hakuna kilichoziba jua, ngozi yenyewe ndiyo inageuka taratibu kuliacha, kwa hiyo ukingo ni laini. Mfupa wa pua unageuka ghafla, ukingo wake unakaza tena. Mtazamaji anasoma umbo la uso kwa tofauti hizo. Ukizipuliza zote zikawa sawa, umemnyima taarifa, na hata uongeze leya ngapi, yaani matabaka ya picha kwenye programu, uso hautasimama.

Halafu kuna suala la ngozi zetu, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatumia ngozi nyeupe: weka rangi ya msingi, weka leya ya maltiplai, ile inayokoza rangi iliyo chini yake, ongeza giza. Ukiipeleka kanuni hiyo kwenye ngozi nyeusi unapata tope. Ngozi iliyokoza tayari iko chini kwenye ngazi ya mwanga na giza, nafasi ya kushuka zaidi ni ndogo. Umbo lake linaelezwa zaidi na mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini, mtulinga. Mng'ao huo unachukua rangi ya kile kinachomulika. Kwenye kivuli cha mwembe, bega linaloelekea anga wazi linapata ubuluu. Usiku kwa muuza chipsi, taa yake ndiyo inayoamua rangi. Na jasho likiwepo, kingo za mng'ao zinakuwa kali kama zimekatwa kwa wembe. Kaa kijiwe cha bodaboda mchana mmoja uangalie mapaji ya nyuso za madereva, utajifunza kuliko video. Ukiwa ufukweni Coco, angalia chini ya kidevu: mchanga unarudisha mwanga juu, kivuli kinapata rangi ya joto. Nyeusi tupu huioni.

Najua kuna atakayesema mtindo ni mtindo, mbona Tingatinga hana vivuli na anapendwa dunia nzima? Kweli. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, rangi za kung'aa juu ya hadibodi, kingo kali tangu kichwa cha mnyama hadi mkia. Lakini yeye aliachana na kivuli moja kwa moja, umbo la nje likabeba kazi yote. Sisi tunapiga mstari mweusi wa unene mmoja kuzunguka mhusika mzima, kisha ndani tunajaza moshi. Mstari unasema bapa, moshi unasema mviringo. Chagua upande. Kama mstari unaupenda, funga uwazi wa leya yake, ili rangi ishike palipochorwa tu, uupake rangi iliyokoza ya kitu unachokizunguka, uupunguze upande wa mwanga, na uufute kabisa pale nguo nyeusi inapokutana na giza la nyuma. Jicho la mtazamaji litaujazia.

Mimi naanza na toni mbili tu, ya mwanga na ya kivuli, kwa brashi ngumu. Naipunguza picha hadi ukubwa wa ukucha. Kama uso hausomeki hapo, sigusi toni ya tatu. Kingo kali kabisa nazibakiza machoni na mdomoni. Pindo la khanga liyeyuke tu. Mteja wa picha ya besidei anayetaka ngozi ya plastiki, mpe plastiki na uchukue hela yake. Kwenye jalada lako la kazi usiiweke.

Nywele ziguse mwisho. Kwa twende kilioni, mistari ya ngozi ya kichwa kati ya suka ndiyo yenye kingo, ifuate mzunguko wa fuvu. Mafundo ya suka yaonyeshe pale mwanga unapopiga tu, upande wa kivuli acha rangi moja.