Laikipia: ng'ombe walikuwepo, seng'enge ndiyo ilikuwa ngeni

Katikati ya migunga ya Laikipia, Kenya, kuna vipande vya mviringo vilivyo wazi, nyasi fupi, swala wamejaa. Hapo palikuwa na boma. Ng'ombe walilala, samadi ikarundikana, wenyewe wakahama, na rutuba ile yaweza kudumu miongo mingi. Basi hata kabla ya mlowezi wa Kizungu, nchi hii ilishatengenezwa na mifugo.

Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwapa Wamaasai Laikipia kwa ahadi ya kudumu. Mwaka 1911 ukaja mwingine, na kufikia 1913 wameshaswagwa kusini ili walowezi wapate ranchi. Walikwenda mahakamani; wakaambiwa mkataba ule ni wa dola na dola, hauamuliwi hapo. Siku ya kuhamishwa ni watawaliwa, siku ya kudai haki wakageuka dola ya kigeni!

Wanaotetea ranchi wana hoja, tena si nyepesi. Majosho yalipunguza kupe na ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe wanaoueneza. Mabwawa yalichimbwa. Ng'ombe wa Boran waliboreshwa humo, ingawa mbegu yenyewe ilitoka kwa wafugaji Waborana. Na kwa kuwa mashamba yale makubwa hayakukatwa viploti, leo faru na tembo wana pa kukaa.

Ila mimi naona kilichobadilisha nchi zaidi ni ua wa seng'enge. Mfugaji alifuata mvua, akapumzisha malisho, akachoma nyasi kuukuu ili vichaka visitambae. Seng'enge ilikata njia hizo. Waliobaki kaskazini walibanwa katika Mukogodo, eneo walilotengewa wenyeji, mifugo ikazunguka palepale, nyasi zikaisha, kisha maofisa wakaonyesha udongo mtupu kuwa ushahidi kwamba mwenyeji hajui kufuga. Unamfunga mtu miguu, halafu unamcheka hakimbii.

Huko Doldol, ndani ya Mukogodo, kuna mgeni mwingine wa enzi hiyo: dungusi, aina ya kakati, lililoletwa liwe uzio wa miiba. Tembo na nyani hula matunda yake na kutawanya mbegu. Mbuzi akiyala, vijimiiba humchoma mdomo na utumbo. Mwenye ranchi yenye wafanyakazi ataling'oa. Mwenye mbuzi kumi atafanyaje?

Siku hizi ranchi kadhaa, Ol Pejeta ikiwemo, hulaza ng'ombe ndani ya maboma ya vyuma yanayohamishwa kila baada ya muda, ili samadi ioteshe nyasi pale ardhi ilipochoka.