Bomba Linalokohoa Usiku wa Manane

Nyumba ninayoishi iko Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu, na kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene kiasi kwamba jirani akigombana na mkewe mimi huambulia patupu. Wazee walijenga vizuri. Kwa bahati mbaya, hawakulitia hesabuni bomba la chuma, na sisi tulipolipitisha chini ya boriti za mikoko hadi kwenye tangi lililo juu ya paa, tulijiletea mgeni asiyelala.

Maji yetu hutoka visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga, nayo huja kwa zamu. Zamu yangu, kwa nyota niliyozaliwa nayo, ni saa nane za usiku. Kwanza bomba huguna, kisha hukohoa, halafu hugonga: go, go, go. Usiku wa kwanza mke wangu alisoma Ayatul Kursi. Usiku wa pili mama mkwe aliagiza tufukize ubani, tukafukiza, na bomba likaendelea kugonga, ila sasa likinukia. Asubuhi yake jirani aliniuliza barazani kama nimeanza useremala.

Mpwa wangu anaishi Uingereza, ambako watu hupasha nyumba zao joto (joto!) kwa maji moto yanayozunguka mabombani hadi kwenye vyuma vipana vya ukutani viitwavyo redieta. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. “Mjomba, hiyo ni hewa. Ukiona redieta ina moto chini na baridi juu, hewa imekwama. Zima mtambo, chukua ufunguo mdogo, legeza valvu ya juu hadi hewa iishe kupiga mluzi, na maji yakianza kutoka, funga.” Nilimshukuru kwa adabu. Redieta niijuayo mimi ni ya gari, na katika vichochoro hivi mbeba mizigo ni punda, ambaye sijapata kumwona akilegezwa valvu. Ama joto, msimu wa kaskazi ninalo la kuwagawia Waingereza wote bila malipo.

Fundi aliyeniambia “kesho inshallah” alifika siku ya nne, akaweka sikio kwenye bomba kama daktari, akafumba macho muda mrefu hata nikadhani amelala. Kumbe mpwa wangu alikuwa amepatia nusu. Maji yakikatika, bomba hujaa hewa, na maji yanaporudi huisukuma hewa hiyo mbele yake. Hicho ndicho kikohozi. Kugonga ni habari nyingine. Tangi linapokaribia kujaa, boya huinuka na kuifunga valvu kidogo kidogo, lakini mawimbi ya mle tangini hulirusha boya, valvu ikafunguka, ikafunga, ikafunguka tena. Kila inapofunga, maji yaliyokuwa yakienda mbio husimama ghafla, na kwa kuwa maji hayabonyei kama hewa, kishindo hurudi nyuma na kulitikisa bomba zima, ambalo mimi, kwa kubana matumizi, nilikataa lisifungwe vibanio, likawa linaipiga boriti. Basi jini wetu, aliyesomewa na kufukiziwa, alikuwa boya la plastiki.

Fundi alibadilisha mpira wa valvu, akaniamuru nipunguze koki ya njiani ili maji yasije kwa kasi, akasema vibanio vitatoka bara kwa mashua na atarudi baada ya Ijumaa. Hakutaja Ijumaa ipi. Nami, kwa kuwa usiku haumngoji fundi, nilipanda ngazi peke yangu, nikakata vipande vya mpira, nikavisokomeza baina ya bomba na boriti, nikafunga kwa kamba ya nailoni.

Tangu juzi bomba limenyamaza kimya. Anayegonga sasa ni mke wangu, ambaye tangu alfajiri anafungua na kufunga makabati akitafuta ndara yake ya kushoto, na ile ya kulia ameishika mkononi.