Mpwa wangu apungue pointi kwanza

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alifunga pointi 22 kwenye mechi ya kikapu, na hadi isha inaadhiniwa simu yangu ilikuwa haijapoa. Mama yake, dada yangu mkubwa, alinitumia ujumbe wa sauti wa vigelegele vitupu. Mwenye genge mtaani kwetu akaniuliza dogo anaondoka lini kwenda Marekani. Mimi niliyekuwa nimekaa ukingoni mwa uwanja na daftari mapajani nilirudi nyumbani nimenuna.

Kwetu huku Mtwara mjomba ana neno lake kwa mpwa, kwa hiyo najua kikao kitaitishwa na nitaulizwa nina kinyongo gani na mtoto. Bora niseme mapema, tena kwa maandishi. Sina kinyongo. Nataka tu dogo afunge pointi chache msimu huu.

Tuanze na hizo 22. Alishuti mara 25, zikaingia tisa. Saba kati ya hizo 25 alizipiga nje ya mstari wa pointi tatu na hakuna hata moja iliyotikisa nyavu (nasema nyavu kwa mazoea tu, ringi yetu imebaki na uzi mmoja unaoning'inia tangu mwaka juzi). Akapata mitupo huru tisa, ile ya pointi moja moja unayopewa ukichezewa rafu, akaingiza minne. Tisa mara mbili kumi na nane, jumlisha nne, hiyo hapo 22. Hesabu imetimia, ukoo umefurahi.

Sasa zitazame zile tisa moja moja. Sita ni leyapu, yaani kuufikisha mpira mpaka chini ya ringi na kuuweka, za kukimbia peke yake, baada ya kuwapora mpira watoto wa kidato cha pili ambao bado wanadunda huku wanaangalia chini. Mbele yake hakukuwa na mtu, labda yule mbuzi aliyekuwa anakatiza nyuma ya ringi. Tatu tu ndizo alizofunga akiwa amekabwa mwili kwa mwili. Na zote tisa, kwa mkono wa kulia, akiingilia kulia. Mlinzi wao mmoja aliligundua hilo kabla ya mapumziko, akahamia upande huo, na dogo akageuka mtu wa kushuti shuti za kukata tamaa mpaka filimbi ya mwisho.

Upande wa pili kulikuwa na kijana mfupi, amekazana kama kipande cha mpingo. Alishuti mara saba tu, akapata pointi 11. Sikusikia mtu akiuliza jina lake.

Haya, mwalimu wao wa michezo ana maoni yake na namheshimu. Yeye anataka dogo ashuti pointi tatu zaidi. Ananipigia hesabu ambayo siku hizi kila mtu wa kikapu anaijua: ukishuti kumi za pointi mbili zikaingia nne, una pointi nane, ukishuti kumi za pointi tatu zikaingia tatu, una tisa. Yaani unakosa zaidi na unapata zaidi. Hesabu haina kosa. Lakini mwalimu, na wewe uwanja unaujua, umesahau upepo.

Uwanja wenyewe uko Shangani, bahari unaisikia. Mwezi huu wa nane kusi linavuma kuanzia saa nane mchana, na mechi zetu huanza saa kumi. Ukishuti kutoka mita 6.75, ambako mstari wa pointi tatu unatakiwa uwepo (kwetu rangi ilishafutika, tunakadiria kwa ufa wa sakafu), mpira unakaa hewani muda wa kutosha upepo kuubadilisha mawazo. Kila aliyekulia pale hujifunza bila kufundishwa: sogea, simama pembeni kwa mshazari, gonga ubao. Ubao hauendi na upepo. Ndiyo maana ukiwatazama vijana wetu wakicheza kwenye ukumbi wa ndani utadhani wanacheza kikapu cha babu zao. Wanasimama ghafla mita nne kutoka kwenye ringi, wanagonga ubao, wanarudi kukaba. Mtu wa Dar atasema hawa wamepitwa na wakati. Mimi nasema wamefundishwa na uwanja wao, na uwanja huo hauna upendeleo.

Kwanza nani kasema shuti hii ya katikati, ya pointi mbili, imekufa? Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City ndiye aliyeongoza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa kufunga msimu wa 2024/25, wastani wa pointi 32.7, akabeba tuzo ya mchezaji bora, akabeba na ubingwa. Kazi yake kubwa anaifanya ndani ya mstari wa pointi tatu: anapenya taratibu, anakata breki, mlinzi anapita kama gari lililokosa kona, yeye anashuti. Msimu wake wa kwanza, 2018/19, alikuwa na wastani wa pointi 10.8. Aliyemtazama kwa pointi peke yake mwaka ule alimpita njiani bila kumsalimia.

Kwa hiyo shuti ya kugonga ubao namwachia dogo. Ugonjwa wake uko kwingine, na ukiacha ule mkono wa kushoto uliolala, mkubwa kuliko yote ni huu: mpira wake unaanzia kiunoni.

Najua ulikotoka ugonjwa huu maana nilikuwepo. Alianza kucheza akiwa darasa la tatu, kwa mpira uleule namba 7 wa watu wazima, wenye uzito unaopita nusu kilo, na ringi ileile ya mita 3.05. Mtoto wa umri ule hupewa namba 5 na ringi ikashushwa. Sisi namba 5 hatukuwa nayo, na ringi yetu imechomelewa, haishuki. Akafanya ambalo mtoto yeyote angefanya: akaushusha mpira mpaka kwenye nyonga, akaurusha kwa mwili mzima kama mtu anayemwaga ndoo ya maji. Ukiingia, tunapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Leo ana miaka 16, mabega yamejaa, nguvu anayo, lakini mikono imeshakariri. Mpira unashuka kiunoni, kiwiko kinatoka nje kama bawa la kuku, halafu ndipo safari ya kupanda inaanza. Mlinzi mwenye akili ana muda wa kufika, kuruka na hata kuaga.

Ndiyo maana mitupo huru minne kati ya tisa imenikera kuliko zile saba za mbali. Pale hakuna anayekukaba na hakuna anayekukimbiza. Ni wewe, mpira, na mita 4.6 mpaka kwenye ubao. Ukitaka kujua shuti ya kijana ikoje kweli, mtazame hapo. Hata kwa kusi, hapo karibu vile, mikono iliyonyooka ingepata sita au saba.

Ukutani juu ya kitanda chake dogo amebandika picha ya Stephen Curry, nyota wa NBA anayesifika kwa shuti za mbali. Sidhani kama anajua kwamba Curry alikuwa na ugonjwa huuhuu. Sekondari alikuwa mdogo wa mwili, akishuti kuanzia kiunoni. Baba yake, Dell, mshutaji aliyecheza NBA misimu 16, alimwambia ukweli: kwa namna hii huko mbele watakuzuia kila siku. Wakaibomoa ile shuti yote, wakaijenga upya kuanzia juu ya paji la uso. Kiangazi kizima kijana akawa hawezi kushuti akiwa mbali na ringi, na mwenyewe amesimulia jinsi ilivyomtesa. Fikiria ungekwenda kumtazama mwezi ule na daftari lako la pointi. Ungeandika: huyu ameshuka kiwango, tafuteni mwingine.

Kuna na upande wa pili wa hadithi, na huo unatuhusu Watanzania. Mwaka 2009, timu za NBA zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 na Memphis. James Harden, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, alikuwa namba 3, Curry namba 7. Simcheki Thabeet hata kidogo. Kijana wa Dar aliyeushika mpira wa kikapu amechelewa vile, akafika pale akiwa Mtanzania wa kwanza, anastahili heshima yake. Nawasema waliompima. Walitazama mita 2.21 na mipira aliyokuwa anaizuia chuoni, wakajiambia mbinu za kufunga zitakuja zenyewe. Hazikuja, na hadi anaondoka NBA wastani wake ulikuwa pointi 2.2 kwa mechi. Kipaji unakiona kwa macho. Nyongeza lazima uitafute: nini ambacho mwaka jana hakuwa nacho na sasa anacho?

Kwa dogo, nyongeza niliyoiona mwaka huu haikuwa Jumamosi. Ilikuwa wiki mbili nyuma, walipofungwa, na yeye akapata pointi nane tu. Robo ya tatu alibanwa na wawili kulia, akasita, akaupitisha mpira nyuma ya mgongo, akaenda mstari wa mwisho kwa kushoto na kuugonga ubaoni kwa mkono uleule wa kushoto, kwa woga, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Ukaingia. Mara mbili nyingine alipobanwa vilevile aliutoa kwa mwenzake aliyekuwa kona. Mwenzake alikosa zote mbili, kwa hiyo hazipo kwenye hesabu ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Jioni ile hakuna aliyenipigia simu.

Jana alinikuta uwanjani mapema. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia, nikampa mpira, nikamsimamisha mita mbili tu kutoka kwenye ringi, mkono mmoja, kiwiko ndani, mpira juu ya jicho. Hapo ndipo atashuti mwezi mzima, na kwenye mechi vilevile.

"Hata Jumamosi?"

"Hata Jumamosi."

"Mjomba, watanicheka."

Wa kwanza ulipita chini ya ringi bila kugusa kitu. Wa pili ukagonga ukingo wa ubao ukakimbilia kwa mama muuza ming'oko, ambaye aliurudisha kwa mguu na kuuliza kwa sauti kama huyu ndiye yule wa 22. Dogo akanitazama. Nikachora mstari kwenye daftari, nikamwambia alete wa tatu.

Dada amepiga mara mbili tangu asubuhi. Bado sijapokea.