Mnara wa Ballylee haukuanza na Yeats

Jumamosi nilimpeleka shemeji yangu kwenye mnara wa Thoor Ballylee, karibu na mji wa Gort, huku huku Galway, Ayalandi, ninakoishi. Tumesimama darajani tunatazama mto unavyopita chini ya ukuta, bwana mmoja mgeni akamwambia mwenzake, "Huyu Yeats alijijengea pahali pazuri kweli." Niliumia. Sikumjibu, na kule kutomjibu ndiko kulikoninyima usingizi mpaka nimeandika haya.

Yeats, yule mshairi wa Ayalandi, hakuweka hata jiwe la kwanza. Mnara ule waliujenga ukoo wa de Burgo, wavamizi Wanormani waliogeuka Waayalandi hadi jina likawa Burke, na ulikwisha kusimama karne nyingi kabla yeye hajazaliwa mwaka 1865. Panda uone: ngazi za mzunguko zimepitishwa ndani ya unene wa ukuta, bega linagusa jiwe kila ukizunguka, na mnapokutana wawili lazima mmoja arudi. Aliyejenga namna ile alikuwa anamngoja adui.

Lakini kinachonichoma zaidi ni habari ya akina Gregory, wenye shamba la Coole, ambao baadaye Ballylee iliingia katika ardhi yao. Robert Gregory alinunua Coole mwaka 1768, kwa fedha aliyoichuma India katika Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Kitukuu chake, William Gregory, akiwa mbunge, ndiye aliyepeleka bungeni London, Ayalandi ikitawaliwa kutoka huko, kile kifungu cha sheria cha 1847, njaa kuu ya Ayalandi imepamba moto: anayekodi zaidi ya robo eka asipewe msaada mpaka aiachie ardhi. Hebu fikiri. Viazi vimeozea ardhini, watoto hawajala tangu juzi, na baba anatakiwa achague kati ya uji wa leo na kipande ambacho mwakani angepanda. Wako waliokataa wakafa na robo eka yao na ushee. Wako walioachia, na nyumba zikabomolewa nyuma yao ili wasipate pa kurudi. Wanaomtetea husema kwa wapangaji wake mwenyewe pale Coole alikuwa mtu wa huruma. Haya, na iwe hivyo. Sheria yake haikuishia kwenye ua wa Coole; ilikwenda Ayalandi nzima.

Mjane wake, Lady Augusta Gregory, ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Yeats na ndiye aliyemzoesha pande hizi. Basi ardhi ikahamia kwa bodi ya serikali iliyokuwa ikinunua mashamba makubwa na kuwagawia wakulima wadogo. Mnara ukakosa mtu. Mkulima aufanyie nini? Mwaka 1917 Yeats akauchukua kwa pauni 35.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba pengine bila yeye lingekuwa gofu la kujikingia ng'ombe mvua. Aliutengeneza, akakaa humo na mkewe George nyakati za kiangazi. Maneno yake yaliyochongwa ukutani yanataja mbao za kinu cha zamani na chuma cha karakana ya Gort. Majina ya wahunzi hayamo. Kufika 1929 alikuwa ameshaacha kuja, na mnara ukaanza tena kubomoka.

Walioufufua mwaka 1965 ni wenyeji, Chama cha Kiltartan. Mafuriko ya 2009 yakaingia ndani, ukafungwa, na waliorudi kuufungua mwaka 2015 ni watu wa palepale tena, kwa kujitolea. Kwao Ballylee ilikuwa na sifa hata kabla ya mshairi huyu: ni pa Mary Hynes, mrembo aliyeimbwa na Raftery, mshairi kipofu, kwa Kiayalandi, na wazee waliendelea kumsimulia muda mrefu baada ya wote wawili kufa.

Shemeji aliniuliza tukiwa garini, hao waliokuwa na robo eka na zaidi walikaa wapi hasa. Nikamwonyesha mashamba pande zote mbili za barabara, kuta fupi za mawe, kondoo, nyasi. Ninyi mnaopeleka wageni kule, nawasihi: wakifika darajani, kabla hamjawasomea ushairi, waonyesheni na mashamba yale.